Simu na macho: hofu mpya, uchovu wa zamani

Giza likiingia, katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, na katika makao ya wahami, mwangaza unaobaki ni wa simu. Mara nyingi simu moja inatumiwa na watu wa nyumba nzima. Baba anatafuta habari za kijiji alichokimbia. Mama anasubiri ujumbe wa mtoto waliyeachana naye njiani. Kijana anasoma masomo yake kwenye kioo kilichopasuka, maana madaftari yalibaki nyumbani. Ikifika usiku wa manane macho yanawaka, yanatoa machozi, maandishi yanaonekana kama yana ukungu, na kichwa kinauma juu ya nyusi. Asubuhi jirani anasema: "Hiyo simu itakupofusha."

Neno hilo linatembea haraka, na nyuma yake inatembea biashara. Sokoni kuna miwani, ama malineti kama wengi wanavyosema, inayouzwa kwa ahadi ya kuzuia mwanga wa simu. Kuna vichupa vya dawa ya matone vinavyonunuliwa bila karatasi ya muganga. Kuna wanaotia ndani ya jicho maji ya majani, wengine maziwa ya mama. Familia iliyopoteza shamba na mifugo inatoa pesa ya unga ili kununua kitu cha kuokoa macho.

Je, ni kweli kwamba kioo cha simu kinapofusha? Swali hili si la leo. Watu waliuliza hivyo juu ya kalamu na sindano, kisha juu ya televisheni, kisha juu ya kompyuta. Kila mara maumivu yalikuwa ya kweli. Lakini kila mara wengi walikosea juu ya sababu yake. Historia ya makosa hayo, na ya majibu yaliyopatikana polepole, inaweza kumsaidia mtu leo kulinda macho yake na mfuko wake pia.

Muganga aliyeuliza kazi

Mwishoni mwa miaka ya 1600, katika mji wa Modena huko Italia, aliishi muganga mmoja aitwaye Bernardino Ramazzini. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa vitabu. Siku moja watu walikuja kusafisha shimo la choo la nyumba yake. Ramazzini akamwona mmoja wao anafanya kazi kwa haraka na kwa wasiwasi mwingi. Akamhurumia, akamwuliza kwa nini hapunguzi mwendo apumzike. Mtu yule akainua macho yake kutoka shimoni. Akajibu kwamba asiyewahi kufanya kazi ile hawezi kujua bei yake, kwa sababu kukaa mle zaidi ya saa nne ni sawa na kupofuka.

Alipotoka shimoni, Ramazzini alimchunguza macho. Aliyakuta mekundu, na kuona kwake kumefifia. Baadaye aliona kwamba wengine wa kazi ile walikwisha kupoteza macho, wakawa wanaomba mjini. Aliyekuwa akiharibu macho yao ni hewa chafu ya shimo.

Jambo hilo halikumtoka moyoni. Alianza kuingia katika karakana za mafundi, akawauliza maswali na kutazama mikono, migongo na macho yao. Mwaka 1700 alitoa kitabu kwa Kilatini juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na mwaka 1713 akakitoa tena kikiwa kimeongezwa. Aliwaambia waganga wenzake kwamba, pamoja na maswali ya zamani wanayomwuliza mgonjwa, waongeze moja: unafanya kazi gani? Kwa sababu hiyo Ramazzini anaitwa hadi leo baba wa utabibu wa kazi.

Ndani ya kitabu hicho kuna sura juu ya wale wanaofanya kazi ya vitu vidogo, kama vile masonara. Kuna pia habari za wapanga herufi wa viwanda vya kuchapisha vitabu, na za waandishi waliokaa siku nzima wakinakili kwa mkono. Ramazzini aliona kwamba macho yao yanachoka na kudhoofika kwa sababu moja: yanashikiliwa mahali pamoja, karibu sana, kwa muda mrefu. Shauri lake lilikuwa jepesi. Mtu asiinamishe kichwa siku nzima. Ainue macho kutoka kazini mara kwa mara, ayazungushe juu ya vitu vingine vya namna mbalimbali, kisha apate saa za kupumzika kabisa.

Hapakuwa na umeme wala kioo chochote cha kuwaka. Hata hivyo, mtu wa leo aliyeinamia simu yake hadi usiku wa manane angejitambua katika sura ile.

Fundi aliyeambiwa aache kazi

Miwani yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko Ramazzini kwa miaka 400 hivi. Ilianza kutengenezwa Italia karibu na mwaka 1286, na waliofaidika kwanza walikuwa wazee wanaosoma. Jambo hilo lilieleweka: mtu akipita miaka arobaini, macho yanaanza kushindwa kuona karibu. Anasogeza kitabu mbali hadi mkono unakuwa mfupi. Miwani ya kusomea inamrudishia maandishi.

Lakini kulikuwa na vijana ambao hawakueleweka. Msichana wa kushona nguo, mwanafunzi, karani: wanaanza kazi asubuhi wakiona vizuri, baada ya saa moja au mbili maandishi au uzi unaingia ukungu, macho yanauma, kichwa pia. Wanafumba macho kidogo, wanaona tena, kisha tatizo linarudi. Waganga wa miaka ya 1800 walikuwa na jina kwa hali hiyo, lakini hawakuwa na dawa. Wengi waliogopa kwamba ni mwanzo wa upofu. Kijana aliambiwa aache ufundi wake, atafute kazi isiyohitaji kuona karibu. Kwa fundi maskini, hukumu hiyo ilimaanisha njaa.

Jibu lilitoka Utrecht, nchini Uholanzi. Muganga Franciscus Donders alifungua huko mwaka 1858 hospitali ya macho kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo. Mwenzake Herman Snellen alitoa mwaka 1862 ule ubao wa herufi, kubwa juu na ndogo chini, ambao hadi leo unaning'inia ukutani katika vyumba vya kupimia macho. Mwaka 1864 Donders mwenyewe alitoa kitabu kikubwa juu ya namna jicho linavyojirekebisha ili lione karibu na mbali.

Ndani ya jicho kuna lenzi laini, na kuizunguka kuna msuli mdogo. Mtu akitazama mbali, msuli huo unalegea. Akitazama karibu, msuli unakaza, na lenzi inavimba kidogo ili kitu kionekane wazi. Kusoma ni kuukaza msuli huo bila kuuachilia. Mtu anayeshika ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooka hasikii uzito mwanzoni. Baada ya dakika kumi mkono unatetemeka. Mkono haujavunjika, umechoka.

Donders alionyesha kwamba wengi wa wale vijana walizaliwa na jicho lililo fupi kidogo. Jicho la namna hiyo linaukaza msuli hata linapotazama mbali, na linapotazama karibu linaukaza maradufu. Walikuwa wanashika ndoo mbili wakati wenzao wanashika moja. Upofu haukuwa unawangojea. Walichohitaji ni miwani iliyopimwa vizuri. Watu waliokuwa wameambiwa waache ufundi wao waliweza kurudi kazini.

Katika historia yote ya uchovu wa macho, hili ni somo la kwanza la kushika. Kwa wengi waliokuja kwa Donders, kazi ilikuwa imefichua tu tatizo dogo walilozaliwa nalo. Hata leo, mtu anayeumwa kichwa kila akishika simu au kitabu anaweza kuwa anahitaji miwani tu, na simu inabeba lawama isiyo yake.

Hofu ya mionzi

Karne iliyofuata ilileta kioo cha kuwaka. Televisheni iliingia katika nyumba za Marekani na Ulaya kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, na wazazi wakaanza kuwaambia watoto: usikae karibu, utaharibu macho. Mwaka 1967 hofu hiyo ilipata nguvu. Kampuni ya General Electric ilitangaza kwamba baadhi ya televisheni zake kubwa za rangi zilikuwa zinatoa mionzi ya X kupita kiasi, kwa sababu ya kasoro ya kiwandani. Mwaka uliofuata, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vyombo vya umeme. Kasoro ilirekebishwa, lakini hofu ilibaki katika vichwa vya watu.

Katika miaka ya 1970 kompyuta, ama ordinatere, iliingia maofisini. Magazeti yalikuwa kati ya wa kwanza kuacha mashine za kupigia chapa na kuweka vioo mbele ya waandishi. Katika gazeti la The New York Times, wahariri wawili vijana walipata mtoto wa jicho, ugonjwa ambao kwa kawaida ni wa wazee. Watu waliuliza kama ni mionzi ya vioo vile. Chama cha wafanyakazi kilidai uchunguzi. Mwaka 1977 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini ilikuja na vipimo vyake. Haikupata mionzi ya kiwango cha kudhuru.

Jambo lingeweza kuishia hapo, wakubwa wakisema kwamba wafanyakazi wanalalamika bure. Lakini wafanyakazi hawakuwa wanalalamika bure. Macho yalikuwa yanawaka kweli, shingo zilikuwa zinauma kweli. Uchunguzi uliendelea mahali pengine, na mwaka 1983 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti juu ya vioo, kazi na macho. Ripoti hiyo haikuona dalili kwamba vioo vinapofusha. Malalamiko ya watu wa kompyuta yalifanana na ya watu wengine wanaofanya kazi ya karibu siku nzima. Ilielekeza kidole kwenye mambo ya kawaida: taa inayomulika kioo, herufi mbaya, kiti na meza visivyofaa, na kazi isiyo na mapumziko.

Kwa maneno mengine, wafanyakazi walikuwa na haki juu ya maumivu, na wapimaji walikuwa na haki juu ya mionzi. Ilichukua miaka kuyasikia yote mawili pamoja.

Ulaya iligeuza jibu hilo kuwa sheria. Tarehe 29 Mei 1990, Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo namba 90/270 juu ya kazi za mbele ya kioo. Mwajiri alilazimishwa kupanga kazi ili ikatishwe mara kwa mara kwa mapumziko au kwa kazi ya namna nyingine. Mfanyakazi alipewa haki ya kupimwa macho, na kupata miwani ya kazi hiyo kama ikihitajika, bila kutoa pesa yake. Ni shauri lilelile la Ramazzini, sasa likiwa na nguvu ya sheria.

Hesabu ya kope

Hata hivyo kulibaki fumbo moja. Kama ni uchovu wa msuli tu, kwa nini macho yanakauka, yanawasha kama yameingia mchanga, kisha yanatoa machozi?

Mwaka 1993 watafiti wawili wa Japani, Tsubota na Nakamori, walitoa barua fupi katika jarida kubwa la utabibu la Marekani. Walikuwa wamehesabu kitu ambacho kila mtu anacho lakini hakuna anayekihesabu: kupepesa macho. Waliangalia wafanyakazi 104 wa ofisini. Walipokaa wametulia, walipepesa kwa wastani mara 22 kwa dakika. Walipokuwa wanasoma kitabu, mara 10. Walipokuwa mbele ya kioo cha kompyuta, mara 7.

Kila kupepesa kunapaka machozi mapya juu ya jicho, kama vile mtu anavyopitisha kitambaa chenye maji juu ya meza. Kope zisipofunga, jicho linabaki wazi, maji yanakauka, na linaanza kuwasha. Kisha mwili unaleta machozi mengi kwa ghafula ili kuokoa hali. Ndiyo maana jicho kavu linaweza kulia.

Katika mazingira ya Kivu jambo hili lina uzito wake. Jicho ambalo tayari halipepesi linakutana na moshi wa kuni na makala ndani ya chumba kimoja, au na vumbi la barabara ya Goma wakati wa kiangazi. Mara nyingi simu inalaumiwa peke yake, na moshi unasahaulika.

Katika miaka hiyohiyo ya 1990 ilienea kanuni ya ishirini tatu, ambayo inahusishwa na mtaalamu wa miwani wa Marekani Jeffrey Anshel: kila dakika 20, tazama kwa sekunde 20 kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi. Namba hizo zilichaguliwa ili zikumbukwe kwa urahisi, na hakuna haja ya saa wala kamba ya kupimia. Maana yake ni kuuachilia msuli na kukumbuka kupepesa.

Miwani ya mwanga wa bluu

Simu za kugusa zilipoenea, hofu ya mionzi ilirudi ikiwa na jina jipya: mwanga wa bluu. Ni kweli kwamba vioo vya simu vinatoa mwanga huo. Lakini jua linatoa mwingi zaidi sana, hata siku ya mawingu. Duniani kote miwani ya kuzuia mwanga wa bluu imeuzwa kwa bei ya juu kama kinga ya macho.

Mwezi wa Agosti 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya majaribio yote juu ya dawa au kifaa fulani na kuyapima pamoja, ulitoa jibu. Walikusanya majaribio 17. Walichokiona ni kwamba miwani hiyo huenda haipunguzi uchovu wa macho wa kutumia kompyuta, angalau kwa muda mfupi, ukilinganisha na miwani ya kawaida. Mama anayefikiri kutoa pesa ya unga kwa miwani hiyo anaweza kuibakiza mfukoni.

Kuna jambo moja ambalo mwanga wa usiku unaweza kuharibu, nalo ni usingizi. Mtu anayesoma habari za vita hadi saa nane za usiku anaamka na macho mazito. Mwanga una sehemu yake, na habari zenyewe zina sehemu kubwa. Jicho ambalo halikulala halitapona kwa dawa ya matone.

Magonjwa ambayo si simu

Nchini Kongo historia ya macho ina ukurasa wake, na ukurasa huo unafundisha kutochanganya mambo. Katika mwanzo wa miaka ya 1930, muganga wa macho wa Kibelgiji, Jean Hissette, alifanya kazi kando ya mto Sankuru, katika eneo la Kasai. Huko alikuta vipofu wengi kupita kiasi. Alionyesha kwamba upofu wao uliletwa na minyoo midogo inayoenezwa na nzi wa mito iendayo kasi, yaani ugonjwa wa onkosekosi, ama upofu wa mto. Uchovu hauna nafasi katika ugonjwa huo. Mtu wa Sankuru angepumzisha macho yake mwaka mzima, bado angepofuka.

Kwa hiyo kuna makosa ya namna mbili. La kwanza ni kuuogopa uchovu kana kwamba ni upofu. La pili, lililo baya zaidi, ni kuuita upofu uchovu, na kungoja.

Kosa la pili ndilo linalotishia familia zilizohama. Mtoto anayejikwaa na kugonga vitu jioni inapoingia, wakati wenzake bado wanaona, hajaharibiwa na simu. Anaweza kuwa amepungukiwa vitamini A, na bila kusaidiwa jicho lake linaweza kuharibika kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua. Mtoto huyo anapaswa kufikishwa kituo cha afya mara moja, maana vitamini A ipo na matibabu yake ni rahisi. Kwenye sahani, mawese mekundu, sombe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vinasaidia kukinga.

Vilevile, jicho lililo jekundu na lenye maumivu makali, jicho linalotoa usaha, jicho lililopigwa au kuingiwa na kitu, kuona kulikopotea ghafula, kivuli kama pazia mbele ya jicho, au doa jeupe katikati ya jicho la mtoto: haya yote si ya kungoja kesho. Hayana uhusiano na dakika 20.

Juu ya vichupa vya sokoni, historia pia ina onyo. Dawa za matone zenye kotizoni zilipoingia katika miaka ya 1950, zilionekana kama muujiza, kwa sababu wekundu unaondoka upesi. Baadaye waganga waligundua kwamba zikitumiwa kwa muda mrefu bila kuangaliwa, zinaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuonea, au kuleta mtoto wa jicho. Zinaweza pia kuuficha na kuukuza ugonjwa wa vijidudu. Mtu aliyekuwa na uchovu tu anaweza kujinunulia upofu wa kweli. Maji ya majani na maziwa yanaingiza vijidudu mahali ambapo havikuwepo.

Usiku wa leo

Miaka zaidi ya 300 ya historia hiyo inaweza kuwekwa katika mambo machache ambayo hayahitaji franga.

Simu ishikwe mbali kidogo, karibu urefu wa mkono, na herufi ziongezwe ukubwa katika mipangilio yake. Mwangaza wa kioo ulingane na wa chumba: usiku upunguzwe, na kama kuna taa ndogo, iwekwe pembeni ili simu isiwe nuru ya pekee gizani. Mchana mtu asisome juani, kwa sababu jua likimulika kioo, macho yanalazimika kukunjwa.

Kila baada ya muda, mtu ainue kichwa na kutazama nje ya mlango, mbali, hadi mlimani au mtaa wa pili. Apepese macho kwa makusudi, kope zikifunga kabisa. Macho yakiwasha, asiyasugue kwa mkono. Anawe uso kwa maji safi, kisha aweke juu ya macho yaliyofumbwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu. Apishe moshi utoke kwanza.

Wanaotumia simu moja wanaweza kufanya kama watu wa zamani walivyofanya na barua: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Ujumbe wa sauti na redio vinaleta habari zilezile bila kudai kitu kwa macho.

Aliyepita miaka arobaini na anayesogeza simu mbali ili asome, ajue kwamba hajarogwa wala hajaharibiwa na kioo. Ni lenzi ya jicho inayokuwa ngumu, kama ilivyokuwa kwa wazee wa Italia mwaka 1286. Miwani ya kawaida ya kusomea, ikichaguliwa na mtu anayejua kupima, inamtosha.

Kwa watoto kuna jambo moja la kuongeza. Mwaka 2015 watafiti wa China walitoa matokeo ya jaribio katika shule za msingi za mji wa Guangzhou. Watoto wa shule kadhaa waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa 30 hivi kwa mia, na katika shule ambazo hazikubadilisha kitu walikuwa karibu 40 kwa mia. Mtoto anayecheza mpira uwanjani, mchana, analinda macho yake. Mtoto wa mhami asiye na shule ana haki ya uwanja huo pia, pale ambapo usalama unaruhusu, kuliko kufungiwa ndani na simu ili anyamaze.

Yule msafisha choo wa Modena hakuandika kitabu, na jina lake halijulikani. Alisema tu ukweli juu ya macho yake kwa mtu aliyekuwa tayari kuuliza. Ramazzini angeweza kumlipa na kufunga mlango. Aliuliza, akaangalia, akaamini.

Mhami anayesema kwamba macho yanamwaka anastahili kuulizwa vilevile: unafanya nini na macho hayo, saa ngapi, katika mwanga gani, katika moshi gani, na umelala lini? Mara nyingi jibu litakuwa uchovu, na uchovu unapona. Mara nyingine halitakuwa uchovu, na hapo kituo cha afya kinapaswa kufikiwa kabla ya soko.